Sumukuvu kwenye mahindi na karanga: mfuko hautoi sumu iliyoingia shambani (UZI)

#1 Shamba_Darasa

Wakuu, salaam. Mavuno yakikaribia maswali huwa yale yale: mfuko gani unafaa, dawa gani ya ghala, turubai lipi zuri. Ni maswali mazuri, ila ni maswali ya mwezi wa sita kuhusu tatizo lililoanza mwezi wa pili. Uzi huu ni wa sumukuvu kuanzia shambani hadi kwenye sufuria. Wenye fani zenu njooni mjazie: wa karanga, wa ghala, wa maabara, wa mifugo.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus na ndugu yake Aspergillus parasiticus. Kuvu hawa makazi yao ni udongo na mabua ya msimu uliopita. Vijimbegu vyao hupeperushwa na upepo, huingia kupitia ndevu za mahindi au matundu ya wadudu, kisha husubiri mmea uelemewe. Joto kali na ukame wakati punje zinajaa ndiyo fursa yao. Ndiyo maana maeneo yenye vifo ni yale yale ya mvua za kubahatisha. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kwetu mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa walikuwa 68 na waliofariki 20. Hiyo ni sumu nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo miaka nenda rudi anaharibikiwa ini taratibu, na mwenye virusi vya homa ya ini B hatari yake ya saratani huongezeka mara nyingi zaidi.

Mambo mawili yashikwe kabla hatujaendelea. Kwanza, sumu si kuvu. Kuvu anaweza kufa kwa jua au kwa kukosa hewa, sumu ikabaki palepale. Pili, sumu hii haina rangi, harufu wala ladha ya kuaminika, na inastahimili joto la zaidi ya nyuzi 200. Ugali unachemka kwenye 100. Hesabu mwenyewe.

Shambani cha kufanya ni hiki:

Panda mapema na chagua mbegu inayokomaa kabla mvua haijakata. Mbegu ya siku 150 Kongwa ni kuomba matatizo. Penye mteremko au mvua haba, tengeneza matuta na uyafunge kwa vizuizi kila mita moja na nusu hadi mbili, maji yabaki shambani. Dhibiti funza wa mabua na viwavijeshi vamizi, maana kila tundu kwenye gunzi ni mlango. Mahindi yakikomaa (chimbua punje, ukiona kidoa cheusi pale inaposhikana na gunzi imekomaa) vuna. Kuyaacha yakaukie shambani mwezi mzima kwa sababu "hayana haraka" ni kuwaita fukusi na dumuzi.

Kisha kuna kinga ya kibiolojia, Aflasafe. Wazo lilianzia kwenye pamba ya Arizona, Marekani, kwa kazi za Peter Cotty wa idara ya kilimo ya huko, kisha IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki) wakaileta Afrika. Ndani ya Aspergillus flavus kuna koo zisizoweza kutengeneza sumu. Watafiti hukusanya koo hizo ndani ya nchi husika, huchagua nne, huzipaka kwenye punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote. Ukizimwaga shambani, kuvu wasio na sumu wanawahi nafasi, wenye sumu wanakosa pa kukaa. Zikitumika sawasawa, sumu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi. Hapa Tanzania Aflasafe ilisajiliwa 2018.

Kipimo ni kilo 4 kwa ekari (kilo 10 kwa hekta), mara moja kwa msimu, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

#2 Kibwezi254

Asante kwa mada. Huku kwetu bidhaa inaitwa Aflasafe KE01, ilisajiliwa 2015 na inatengenezewa KALRO (taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya) Katumani, Machakos. Mtu asivuke mpaka na mfuko: ya Kenya ni ya kuvu wa Kenya, ya Tanzania ni ya kuvu wa Tanzania, na kila moja imesajiliwa kwa nchi yake.

Swali: mbona wakulima wengine wanasema waliimwaga na mahindi bado yakakataliwa sokoni?

#3 Shamba_Darasa

Mkuu, hapo ndipo penye kazi. Sababu nyingi ni za namna ilivyotumika.

Ya kwanza, udongo mkavu. Kuvu lazima aote juu ya punje ya mtama ndipo atoe vijimbegu. Ukimwaga kwenye vumbi, punje zinakaa wiki nzima kama kokoto, panya na sisimizi wanazisomba. Mwaga udongo ukiwa na unyevu, siku moja au mbili baada ya mvua, ila si siku ambayo wingu limetanda na mafuriko yanakuja. Ndani ya siku 3 hadi 7 inama uangalie: punje ikiota ukungu wa kijani imefanya kazi. Isipoota, hapo una tatizo.

Ya pili, palizi baada ya kumwaga. Jembe linaifukia, na ikifukiwa vijimbegu havipandi kwenye gunzi. Palilia kwanza, mwaga baadaye.

Ya tatu, kuku na kanga wa nyumbani. Shamba lililo nyuma ya nyumba wafungie siku kadhaa.

Ya nne, kipimo kutapanywa vibaya. Kilo 4 kwa ekari ni kama gramu 1 kwa mita moja ya mraba, yaani punje thelathini na kitu tu. Inaonekana ndogo, mtu anamaliza mfuko nusu ya shamba. Gawa ekari robo nne kwa vigingi, pima kilo moja kwa kila robo, tembea katikati ya mistari ukirusha kwa mkono kama mtu anayelisha kuku. Hakuna kuchanganya na maji wala kuweka kwenye bomba la dawa.

Ya tano, watu wanadhani wakishamwaga wamemaliza. Haikaushi mahindi. Ukivuna na kurundika yakiwa mabichi, hata koo zisizo na sumu zitayaozesha, na wenye sumu wachache waliobaki watapata karamu. Pia haigusi fumonisini, sumu ya kuvu mwingine (Fusarium) anayependa mahindi hayo hayo.

Kunawa mikono na kuziba pua na mdomo wakati wa kurusha ni lazima. Zile punje zina rangi ya bluu makusudi, watoto wasidhani ni chakula.

#4 Mnanje_Karanga

Naongezea upande wa karanga, maana karanga ina ubaya wake: tunda linakaa ndani ya udongo wenye kuvu tangu siku ya kwanza. Ukame wa wiki 3 hadi 6 za mwisho ndio unaoharibu. Ganda linapungukiwa maji, kinga ya asili ya punje inashuka, kuvu anaingia bila hodi.

Kwa hiyo aina ni muhimu kuliko dawa. TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) Naliendele, Mtwara, wametoa aina kadhaa. Pendo, ya 1998, ni ya muda mfupi na inawahi kukomaa, faida kubwa kwa maeneo yanayokatiwa mvua. Kasoro yake ni kwamba jamii hii haina usingizi wa mbegu: ikikomaa na mvua ikarudi, inachipua ikiwa ardhini. Kuchelewa kuvuna ni hasara mara mbili.

Kujua imekomaa usihesabu siku peke yake. Ng'oa mashina matano sehemu tofauti za shamba, pasua maganda, tazama ndani. Ndani ya ganda pakiwa na rangi ya kahawia au nyeusi kwa maganda 70 hadi 75 kati ya 100, vuna wiki hiyo.

Kalisi inasaidia ganda kuwa imara. Jasi kilo 160 hadi 200 kwa ekari wakati wa kutoa maua, kandokando ya shina ambako vikonyo vitaingia ardhini, pamoja na samadi iliyooza tani 4 kwa ekari kabla ya kupanda. Samadi inashika unyevu, na unyevu ndio kinga ya mwisho wa msimu. Aflasafe kwenye karanga mwaga kipindi cha kuelekea maua, palizi ikiwa imekwisha.

Uking'oa, kung'uta udongo, geuza mashina: maganda juu, majani chini, siku 2 au 3. Baadaye panga kwa mtindo wa mnara wa mviringo, maganda yakitazama ndani, katikati ukiacha uwazi wa hewa kama bomba, juu ukifunika kwa mashina machache. Mvua haigusi maganda, jua halipasui punje, hewa inapita. Ziache wiki 2 hadi 4, kisha pukusua. Lengo ni unyevu wa asilimia 7. Ukitikisa ganda likalia, na ngozi ya punje ikatoka ukiisugua, umekaribia.

Sasa dhambi kubwa. KULOWEKA karanga ili zimenyeke kirahisi. Mtu kafanya kila kitu sawa miezi minne, halafu jioni anazimwagia maji ndoo mbili, asubuhi wanamenya, anazifunga kwenye kiroba zikiwa na unyevu wa asilimia 12. Siku tatu tu kuvu wameamka. Kumenya kwa mkono ni kazi, vidole vinauma, inaeleweka. Tafuteni mashine ya kuzungusha kwa mkono hata kwa kikundi, au uzeni na maganda yake. Kulowesha ni kuongeza uzito wa leo na kukataliwa kesho.

#5 Dona_Milele

Mnatisha watu bure. Wazee wetu wamekula dona kutoka vihenge vya udongo miaka yote na walifika tisini. Moshi wa jikoni chini ya kichanja ulitosha. Hizi sumu zimeletwa na hizo mbegu za maduka.

#6 Maabara_ya_Nafaka

@Dona_Milele sumu haikuletwa na mbegu. Ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga kutoka Brazil. Kabla ya hapo watu walikufa na manjano bila jina la ugonjwa. Ila kwenye moshi una hoja ya kweli: kichanja juu ya jiko kilikausha gunzi taratibu na kufukuza wadudu. Kilichobadilika ni wingi. Kichanja kinatosha magunia mawili, leo mtu anavuna arobaini na anayarundika sakafuni.

Nije kwenye kupima, maana hapa ndipo wengi wanadanganyika, hata wafanyabiashara wakubwa.

Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi na karanga ni ppb 10 kwa jumla ya sumukuvu na ppb 5 kwa aina ya B1, iliyo kali kuliko zote. Ulaya wanataka 4 na 2 kwa karanga za kuliwa moja kwa moja. Ppb 10 ni maikrogramu 10 kwa kilo. Kwa lugha ya sokoni: gramu MOJA ya sumu inatosha kufikisha kikomo magunia 1,000 ya kilo mia.

Na sumu haijasambaa sawa. Gunia zima linaweza kuwa safi isipokuwa punje chache. Punje moja ya mahindi imewahi kupimwa ikiwa na ppb 400,000. Punje hiyo ikiwa na gramu 0.35 ina maikrogramu 140. Isagishe pamoja na kilo 10 za mahindi safi kabisa, unga wote unasoma ppb 14, umekataliwa. Ndiyo maana ukichota kiganja juu ya gunia moja, majibu yako ni bahati nasibu. Leo "salama", kesho shehena hiyo hiyo "sumu", na mkulima anaona anaonewa.

Namna sahihi: piga bambo (chuma chenye mfereji cha kuchomeka guniani na kuchota punje) magunia mengi kadiri uwezavyo, juu, katikati na chini. Changanya hadi upate kilo 5 au zaidi. SAGA ZOTE, usisage kikombe kimoja. Changanya unga, tandaza duara, gawa robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, changanya tena, rudia mpaka ubaki na kiasi kinachohitajika. Baada ya hapo ndiyo ukanda wa kupimia, unaotoa majibu kwa dakika chache baada ya kukamua sumu kwa mchanganyiko wa spiriti na maji. Kosa kubwa huwa kwenye kuchukua sampuli kuliko kwenye kipimo.

Zile taa za mwanga wa urujuanimno zinazofanya punje zing'ae kijani-njano haziipimi sumu yenyewe. Zinaonyesha alama ya kuvu. Punje inaweza kung'aa bila sumu, na nyingine ikawa na sumu ising'ae. Zitumieni kutilia shaka, si kuthibitisha.

#7 Ghala_Kibaigwa

Bambo oyee. Niingie kwenye kukausha, ndipo vita vinapoamuliwa.

Mahindi yakishavunwa yakiwa na unyevu wa asilimia 18 hadi 25 na joto la mchana nyuzi 30, una siku mbili, tatu za kuyashughulikia. Usiyaweke kwenye magunia "kwa muda tu". Katikati ya gunia joto linapanda lenyewe. Ingiza mkono utalisikia.

Kausha juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo wala kando ya lami. Kina kisizidi sentimita 5. Geuza kila nusu saa au saa. Jioni kabla ya umande kusanya, funika. Mkeka mmoja wa mita 4 kwa 5 unachukua magunia kama 5 hadi 7 kwa kina hicho, kwa hiyo mwenye magunia 40 na turubai moja ajue atakausha kwa zamu, mengine yabaki kwenye gunzi kwenye kichanja chenye hewa.

Kupukuchua: kupiga kwa fimbo ndani ya gunia kunavunja punje, na punje iliyovunjika haina ngozi ya kujikinga. Mashine nayo ikiendeshwa na mahindi yenye unyevu au kwa kasi kubwa mno inavunja vilevile. Kausha kwenye gunzi kwanza mpaka karibu asilimia 15 hadi 18, pukuchua, kisha maliza kukausha punje.

Kikomo cha soko ni unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna kipima unyevu tumia chumvi: chupa kavu ya kioo, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko viwili vitatu vikubwa vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka kabisa, funika, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi 15. Isipoganda uko chini ya 15. SI chini ya 13.5! Watu wengi wanaishia hapo. Baada ya chumvi kukauka kausha siku moja au mbili nyingine. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, kipimo kinadanganya. Kwa bei ndogo kuna vipima unyevu wa hewa: fungia mahindi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kifaa, kiache kitulie. Hewa ikisoma chini ya asilimia 65, mahindi yako salama kuhifadhi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kwa nini watu hawakaushi. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa 18 zikishuka hadi 13.5 zinakuwa kilo 94.8. Kilo tano na ushee zimeyeyuka kwa mkulima. Mnunuzi anayepita na lori bila kipima unyevu analipa bei moja kwa mabichi na makavu. Hapo mkulima aliyekausha ndiye aliyepata hasara, na hakuna semina itakayombadilisha. Ghala linalopima na kukata uzito kwa unyevu linafanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya barabarani.

#8 Kibwezi254

Hilo la bei liko hata huku. NCPB (bodi ya nafaka ya serikali) wanapokea kwa 13.5 na wana mashine za kukausha kwa ada, lakini broka anakuja hadi mlangoni na gunia lake la kilo 90 lililojazwa mpaka likawa na shingo, hapimi chochote. Ndipo Machi 2021 serikali ya Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya ppb 10. Malori yaliyokuwa njiani ndiyo yaliyoumia.

Kuhusu kukoboa: muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) ya Ukambani imepimwa na watafiti. Kukoboa kulipunguza sumu kwa wastani wa asilimia 46.6, ila kutoka sampuli moja hadi nyingine ilikuwa kati ya 5.5 na 70. Kwa hivyo ni msaada, si tiba. Ikiwa sumu imeshaingia ndani ya punje, kukoboa ngozi hakuifuati huko.

#9 Ghala_Kibaigwa

Kweli. Namalizia mifuko maana ndiyo kichwa cha uzi.

Mfuko wa PICS ni tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, wa nje wa kusuka wa kubeba uzito. Ulibuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya kunde za Cameroon, lengo likiwa wadudu. Wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo, wanazimia, wanakufa. Unaua wadudu, unazuia kuvu asiendelee kwa sababu hewa na unyevu mpya haviingii. Haukaushi. Hauondoi sumu. Ukiweka mahindi ya 17 utafungua mwezi wa kumi ukutane na harufu ya togwa.

Kufunga: puliza hewa kila mfuko wa ndani na uubane kuona kama unavuja. Jaza wa ndani kabisa, shindilia pembe, acha shingo ya sentimita 30. Kamua hewa, sokota shingo mpaka ikaze, ikunje, funga kwa kamba au mpira wa baiskeli. Rudia wa pili, kisha wa nje. Magunzi yenye ncha na punje zenye vijiti vitatoboa plastiki, peta kwanza. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, paka awepo. Kila ukifungua kuchota unaingiza hewa, kwa hiyo gawa: mifuko ya kula na mifuko ya kuuza.

Usimwage mahindi mapya juu ya masalia ya mwaka jana.

#10 Maziwa_Tanga

Watu wa mifugo tumesahauliwa. Pumba na mashudu ndiyo jalala la sumukuvu. Sumu ya punje iko zaidi kwenye kiini na ngozi, sembe nyeupe ikienda mezani pumba inaenda kwa ng'ombe. Ng'ombe anageuza sumukuvu ya B1 kuwa M1, aina ya sumukuvu ya kwenye maziwa, na kuitoa humo. Kuchemsha hakuiondoi, mtindi nao hauiondoi.

Hesabu rahisi. Ng'ombe anakula kilo 4 za chakula cha ziada chenye ppb 50 za B1: maikrogramu 200 kwa siku. Asilimia 1 hadi 2 hutoka kwenye maziwa, kwa ng'ombe wa maziwa mengi hata zaidi. Chukua 2: maikrogramu 4. Akitoa lita 8, kila lita ina 0.5, hapo hapo kwenye kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula). Kikomo cha Ulaya ni 0.05, umezidi mara kumi. Habari njema ni kwamba ukibadilisha chakula, ndani ya siku 3 au 4 maziwa yanasafika.

Mashudu ya alizeti, pamba na karanga yakaguliwe kama mahindi: yasiwe na mabonge, joto wala harufu ya uvundo, na yasikae chini kwenye saruji. Udongo wa bentonaiti wa kuchanganya kwenye chakula unashika sehemu ya sumu tumboni, fuata kipimo cha lebo, ila usiufanye ruhusa ya kununua pumba zilizooza. Kuku wanavumilia kidogo, bata hawavumilii kabisa.

#11 Lishe_Dodoma

Na mtoto je? Unga wa lishe wa "nafaka saba" unaouzwa mitaani unatia wasiwasi, kwa sababu mahindi na karanga, vinara wawili wa sumukuvu, vinasagwa pamoja, vinakaa miezi, na mtoto wa miezi minane anapewa uji huo mara tatu kwa siku. Wingi wa nafaka hauongezi lishe kwa kiasi watu wanavyofikiri. Unaongeza milango ya sumu.

Pendekezo: miezi sita ya kwanza maziwa ya mama tu. Baadaye nafaka sehemu 3, kunde sehemu 1. Ulezi au mchele kwa kawaida vina sumukuvu kidogo kuliko mahindi, viwe msingi. Karanga usisage kwenye unga. Zichambue, zikaange, zitwange kidogo za siku hiyo, tia kwenye uji mwishoni. Unga saga wa wiki mbili, usizidi mwezi.

Kuchambua ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote jikoni. Tandaza kwenye ungo mahali penye mwanga, safu moja. Mahindi toa: zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye kijani, kijivu au weusi, zilizosinyaa. Karanga toa: zilizosinyaa, zilizopasuka nusu, zilizochipua, zilizopauka, na ukiuma moja ikawa chungu tema, usimeze kwa aibu. Mahindi ya kukoboa yakilowekwa, yale yanayoelea ondoa.

@Dona_Milele endelea na dona, ina virutubisho kuliko sembe. Ichambue tu.

#12 Dona_Milele

Sawa mama lishe, nimekusoma. Swali la mwisho basi: hizo zilizochambuliwa na shehena iliyokataliwa zinaenda wapi? Maana huku zinaenda kwa mama pombe.

#13 Maabara_ya_Nafaka

Hapo pabaya kweli. Sumu inabaki kwenye machicha na kwenye pombe ya kuchujwa kama busaa na komoni, kwa hiyo mlaji ni yule yule, kabadilisha chombo. Machicha nayo yanapewa nguruwe.

Kuchanganya gunia lenye ppb 40 na matatu masafi ili isome 10 pia tusifanye: ukikosea sampuli kidogo tu umeharibu manne.

Shehena iliyozidi kidogo, ichambuliwe upya kwa mkono au mashine, ipepetwe vumbi na vipande, ipimwe tena kwa sampuli mpya kamili. Mara nyingi sumu iko kwenye vipande na punje nyepesi. Ikishindikana, na yale makapi ya ungo, choma yote kama kuni mbali na watu au fukia kina cha mita moja mbali na kisima. Usirudishe shambani juu juu, utakuwa unapanda kuvu wa mwakani. Anayechambua avae barakoa, vumbi lile lina sumu.

Mfuko uliobeba shehena hiyo usitumie tena kwa chakula. Mifuko mingine ya PICS isiyo na tundu ipindue, ipanguse, ianike kivulini, inarudi kazini msimu ujao. Tabaka moja la ndani likitoboka libadilishe hilo tu, au litumie kama turubai dogo la kuchambulia.